KUGAWANA KAZI: SIRI YA KASI KATIKA USOMAJI WA DNA

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana baada ya Tarawehe, yakapangwa upya kwa ajili ya msomaji wa jarida hili

 

Ndugu yangu, dada yangu, nakuomba usiupite ukurasa huu mbio kwa kuona neno kompyuta. Makala za saumu na zaka zimo humu humu, na walioziandika wanajua zaidi yangu. Mimi nimeombwa nizungumzie ninachokisoma chuo kikuu, na waandalizi walinisisitizia jambo moja tu: ati nisichanganye Kiingereza. Haya, nitajitahidi.

Wacha nianze na kitu unachokijua. Watu wamekaa kwenye khitma. Majuzuu thelathini yametolewa, kila anayeingia anakabidhiwa lake. Tuseme msomaji wa wastani humaliza juzuu moja kwa dakika 40. Akiwa peke yake, juzuu 30 zitamchukua saa 20, bila kula wala kulala. Wakiwa watu 30, baada ya dakika 40 wamekwisha na kahawa inazungushwa. Sasa jiulize, kasi hiyo imetoka wapi? Hakuna aliyesoma mbio kuliko kawaida yake. Hakuna aliyeruka herufi. Kazi ni ile ile, imegawanywa tu.

Basi ukokotoaji sambamba ndio huo. Badala ya kuitafuta kompyuta moja yenye mbio za ajabu, unachukua kompyuta nyingi za kawaida, kila moja unaipa juzuu yake. Na katika kazi zote za sayansi, chache zinagawanyika vizuri kama kazi ya kuchambua DNA. Hiyo ndiyo mada yetu.

DNA ni maandishi. Ndani ya karibu kila seli ya mwili wako mna maandishi ya herufi kama bilioni 3.1, na alfabeti yake ina herufi nne tu: A, C, G na T. Tatizo ni kwamba mashine nyingi za kusomea haziwezi kuanza mwanzo zikaenda hadi mwisho. Zinasoma vipande vidogo, herufi kama 150 kila kipande. Na kwa kuwa mashine hukosea hapa na pale, kila mahali husomwa kama mara 30 ili kupata uhakika. Chukua kikokotoo: bilioni 3.1 mara 30, gawanya kwa 150. Utapata vipande milioni 620. Vya mtu mmoja!

Fikiria nakala 30 za gazeti moja la siku moja. Mtu amezikatakata kwa mkasi, akazitia kwenye gunia, akalitikisa. Wewe una nakala moja nzima mezani. Kazi yako ni kuchukua kila kipande, kutafuta kilikuwa ukurasa gani na mstari gani, halafu kuangalia wapi gazeti lile la guniani linatofautiana na hili la mezani. Pengine ni herufi moja tu, na pengine herufi hiyo moja ndiyo ugonjwa wa selimundu.

Hapa vijana wengi hukimbilia kusema, "Leta kompyuta nyingi!" Subiri kidogo. Tuseme una programu mjinga, ambayo kila kipande inakilinganisha na gazeti zima herufi kwa herufi. Herufi 150 mara bilioni 3.1 ni hatua bilioni 465 kwa kipande kimoja. Kompyuta inayopiga hatua bilioni moja kwa sekunde itamaliza kipande hicho kwa karibu dakika nane. Si mbaya, utasema. Lakini zidisha kwa vipande milioni 620: ni zaidi ya miaka 9,000. Ukileta kompyuta 1,000, bado ni miaka tisa, na mgonjwa anangoja.

Kwa hiyo la kwanza ni akili, wingi unafuata. Kinachohitajika ni fihirisi, yaani orodha ya kukuonyesha neno liko wapi bila kufungua kitabu kizima. Mwaka 1994 Burrows na Wheeler walitoa njia ya kuyapanga upya maandishi ili faili ipungue ukubwa. Hawakuwa na habari ya DNA. Kumbe mpangilio ule ule unafaa kuwa fihirisi ya herufi zote bilioni 3.1, na inaenea ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ya kawaida. Mwaka 2009 zikatoka programu mbili zilizoutumia, BWA na Bowtie, na kutafuta mahali pa kipande kukawa kitu cha chini ya sekunde. Tuseme kila kipande kichukue elfu moja ya sekunde. Milioni 620 zitakwisha kwa siku saba na saa chache. Hapo sasa ndipo ulete jamaa! Kompyuta 100 zinaifanya kazi hiyo kwa saa moja na dakika 43. Kipande hiki hakimuulizi kipande kile chochote. Kila mmoja na juzuu yake.

Mwaka huo huo wa 2009, Langmead na wenzake walioitengeneza Bowtie walitoa programu nyingine, Crossbow, iliyofanya jambo hilo kwa kompyuta za kukodi kupitia intaneti. Walikodi prosesa 320, wakachambua DNA ya mtu mmoja iliyosomwa mara 38, kazi ikaisha kwa saa tatu. Gharama ilikuwa kama dola 85. Hawakununua hata kompyuta moja.

Mpaka hapa nimekusifia. Lakini mtu aliyekaa khitma nyingi anajua kwamba mambo hayaendi hivyo kila siku, na mashaka ya khitma ndiyo mashaka ya kompyuta.

Kwanza kuna yule msomaji wa polepole. Watu 29 wamemaliza, wote wanamwangalia mzee mmoja aliye katikati ya juzuu. Khitma haiishi mpaka amalize yeye. Watu walipoanza kugawa DNA, walifikiria kugawa kwa kromosomu, maana Mola ameshazigawa tayari. Lakini kromosomu ya 1 ina herufi kama milioni 248, na ya 21 ina kama milioni 46. Aliyepewa ya 21 atamaliza, atakaa bure, na aliyepewa ya 1 bado anatokwa jasho. Dawa yake ni kukata vipande vidogo vidogo vilivyo sawa, viwe vingi kuliko wafanyakazi, na kila anayemaliza achukue kingine. Hata katika khitma wale wepesi huchukua juzuu la pili, sivyo?

Lakini ukikata kila mahali, unakata maana. Unajua kwamba juzuu ya pili inaanza katikati ya Suratul Baqara, aya ya 142. Anayesoma juzuu yake peke yake haoni yaliyotangulia. Hivyo hivyo, badiliko la DNA likiangukia pale penye mkato, mfanyakazi wa kushoto ataona nusu, wa kulia ataona nusu, na wote wawili wataripoti kwamba hakuna kitu. Ndiyo maana vipande hukatwa kwa kupitana: kila mmoja anapewa na herufi kadhaa za jirani yake, halafu mwishoni yaliyoandikwa mara mbili yanafutwa. Ni kazi ya ziada, na haikwepeki.

Tatu ni msahafu. Ndio sababu khitma inatumia majuzuu yaliyotengwa, kijitabu kijitabu. Hebu walete watu 30 uwape msahafu mmoja uone! Kompyuta 100 zinazosoma diski moja ziko hivyo hivyo. Data ya mtu mmoja inaweza kufika gigabaiti 100, na mara nyingi prosesa zinakaa zinangoja tu diski. Wanaonunua vifaa wasielewe hili hupata kompyuta nyingi zilizosinzia.

Na mwisho kuna dua. Dua haigawanywi, imamu anaomba, wengine wanaitikia. Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl aliieleza hesabu yake, na ni hesabu ya kuumiza. Kama sehemu moja kati ya 20 ya kazi yako haigawanyiki, basi hata ukileta kompyuta milioni moja, hutazidi kasi ya mara 20. Sehemu ile moja inabaki kama ilivyo. Binafsi naona kila anayeomba pesa za kununua kompyuta kubwa angeulizwa kwanza: ni sehemu gani ya kazi yako isiyogawanyika?

Sasa nikupe kisa, maana hadithi ya khitma tumeshaitumia vya kutosha.

Mradi wa kusoma DNA yote ya binadamu ulianza mwaka 1990, ukiendeshwa na taasisi za umma za nchi kadhaa, na matokeo yake yalikuwa ya bure kwa kila mtu. Mwaka 1998 ikazuka kampuni binafsi, Celera, ya Craig Venter, iliyotaka kufika mbele na kuuza nafasi ya kuingia katika data yake. Kampuni hiyo ilikuwa na kompyuta kubwa mno. Ilipofika Mei 2000 mradi wa umma ulikuwa na vipande tele vilivyosomwa, lakini hakuna aliyeviunganisha. Kuunganisha ni kazi ngumu kuliko ile ya gunia la gazeti, kwa sababu hapa hakuna nakala nzima mezani. Kila kipande lazima kitafute jirani yake miongoni mwa vingine.

Katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, alikuwako mwanafunzi wa uzamifu, Jim Kent. Si kijana kama wewe, alikuwa na miaka 40, na kabla ya hapo alikuwa akiandika programu za katuni. Mwalimu wake, David Haussler, alikuwa amepata kompyuta 100 za Pentium III, aina ile ile iliyokuwa ikiuzwa madukani siku hizo kwa watu wa ofisi. Kent akajifungia wiki nne akiandika programu. Inasimuliwa kwamba usiku alikuwa akivikanda viganja kwa barafu kwa maumivu ya kupiga taipu. Tarehe 22 Juni 2000 zile kompyuta 100 zilimaliza kuunganisha. Celera wakamaliza yao siku tatu baadaye. Tarehe 26 Juni Rais Clinton akatangaza habari hiyo kwa dunia kutoka White House, na tarehe 7 Julai herufi zote za mradi wa umma zikawekwa kwenye intaneti, achukue atakaye.

Naipenda hadithi hii, nawe zingatia aligawaje. Vipande vilikuwa vimetoka katika mafungu makubwa zaidi, na kulikuwa na ramani iliyoonyesha fungu gani lakaribiana na lipi. Kwa hiyo kazi ikagawanyika kwa mafungu. Lau si ramani, kompyuta 100 za ofisini zisingefua dafu.

Pengine unasema, sawa, lakini saa moja au siku saba, haraka ya nini? Maandishi hayakimbii.

Januari 2022 madaktari na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Euan Ashley, walichapisha taarifa ya wagonjwa 12 waliokuwa mahututi. Walichukua sampuli ya mgonjwa, wakaigawa juu ya vibao 48 vya kusomea DNA vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja. Data ikatoka kwa kasi ambayo kompyuta zao wenyewe ziliishindwa, ikabidi waitume moja kwa moja, huku bado usomaji unaendelea, kwenye kompyuta za kukodi zenye kadi za grafiki. Ndiyo, zile zile kadi ambazo vijana wanazitafuta kwa ajili ya michezo ya mpira! Kadi moja ya aina hiyo ina maelfu ya wakokotoaji wadogo wadogo, kila mmoja si hodari, lakini wote kwa pamoja ni jeshi. Usomaji wa haraka kuliko wote ulichukua saa 5 na dakika 2. Jibu la haraka kuliko yote, tangu damu kufika maabara hadi ugonjwa kujulikana, lilichukua saa 7 na dakika 18. Kati ya wale 12, watano walipata jibu.

Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 13, moyo wake umedhoofika. Madaktari walikuwa njia panda. Kama ni uvimbe wa misuli ya moyo, huenda ukapona wenyewe, unangoja. Kama ni hitilafu ya kurithi, haiponi, anahitaji moyo mwingine. Kungoja matokeo ya kawaida kungekuwa kwa wiki. Jibu lilikuja kwa saa: ni la kurithi. Akaandikwa kwenye orodha, na wiki tatu baadaye akapata moyo mpya. Haraka ilikuwa ya hiyo.

Turudi nyumbani, maana utasema hayo ni ya Marekani. Kilifi pale, KEMRI na Wellcome Trust, ndipo zilipokuwa zikisomwa herufi za virusi vya korona vya Kenya kuanzia 2020. Kirusi kile kina herufi kama 30,000 tu, hivyo mzigo hauko katika urefu bali katika wingi wa sampuli, nayo hugawanywa kwa sampuli. Nairobi, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI ina klasta ya kompyuta ambayo watafiti wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiitumia kwa miaka.

Lakini lililotugusa sisi watu wa pwani ni lile la Machi 2023. Jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale waliozikwa katika miji kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, na Makwasinyi kule bara. Miongoni mwa walioongoza ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya. Walikuta kwamba kwa wengi wao asili ya Kiafrika ilikuja zaidi kwa upande wa kina mama, na asili ya Asia ilikuja zaidi kwa wanaume kutoka Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Wale wazee wetu waliokuwa wakisema Shirazi, Shirazi, wakapata cha kusimulia, na wale waliokuwa wakisema sisi ni Waafrika wakapata cha kusimulia pia.

Hesabu ile ilifanywaje? DNA ya kaburini imekatikakatika, imechafuka kwa bakteria wa udongoni, vipande vingi si vya marehemu kabisa. Kupepeta tu kunataka kompyuta nyingi. Kisha hutazamwa mahali kama milioni 1.2 kwenye jenomu, na kila mji unaulizwa: je, unaelezeka kwa kuchanganya watu hawa na hawa? Au hawa na wale? Kila dhana hupimwa peke yake. Na kujua kosa linaweza kuwa kubwa kiasi gani, wanaondoa fungu moja la jenomu, wanapiga hesabu upya, wanalirudisha, wanaondoa lingine, mamia ya mara. Hakuna hesabu inayoingoja nyenzake. Kwa mkono mmoja utachoka. Kwa klasta, ni khitma tu. Wewe ukubali matokeo yale au uyabishe, ni hiari yako, lakini ubishe ukijua yalivyopatikana.

Kuna jambo moja ambalo wingi wa kompyuta hautatui. Lile gazeti la mezani, nakala ya kulinganishia, sehemu yake kubwa, kama asilimia 70, imetoka kwa mtu mmoja aliyejitolea huko Buffalo, New York. Mwaka 2020 mradi wa H3Africa ulipochambua DNA ya Waafrika 426 wa makabila na lugha 50, ulikuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Yaani kipande chetu kinaweza kukosa mahali mezani, kikatupwa, na kompyuta 1,000 zitakitupa kwa kasi mara elfu. Mwaka 2023 ilitoka nakala mpya iliyokusanya watu 47 wa asili mbalimbali, Waafrika wakiwemo. Kulinganisha na magazeti mengi kwa mpigo ni kazi nzito zaidi, kwa hiyo mahitaji ya kugawana yameongezeka.

Na ukikodi kompyuta za mbali, kumbuka herufi za mtu zimetoka nyumbani. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inazihesabu habari za jeni kuwa nyeti. Muulize mwenyewe kwanza.

Mwisho, kwa wale walionivuta kando kuniuliza waanzie wapi. Usingoje klasta. Laputopu yako, hata ya mitumba, yaelekea ndani ya prosesa yake mna viini viwili au vinne, yaani wafanyakazi wawili au wanne, na programu nyingi unazoandika zinamtumia mmoja tu. Nenda kwenye data ya mradi wa 1000 Genomes, uliokamilika 2015. Ina watu 2,504 wa makundi 26, na kundi mojawapo ni Waluhya wa Webuye, hapa hapa kwetu. Ni bure. Usichukue yote, bando litakuua. Chukua kromosomu ya 22 peke yake, inaenea kwenye flashi ya kawaida. Andika programu ndogo ya kuhesabu ni mahali pangapi Waluhya wanatofautiana na nakala ya mezani. Iendeshe kwa mfanyakazi mmoja, uandike dakika. Kisha wawili, kisha wanne. Kisha jaribu wanane kwenye prosesa ya viini vinne, uone kasi inavyogoma kupanda, halafu utafute mwenyewe kama tatizo lako ni mzee wa polepole, ni msahafu mmoja, au ni dua.